Siku moja ya kulinda seva za tovuti ya uwekezaji

Saa 1:00 asubuhi. Logi (rekodi za seva) za usiku. Anwani 400 za IP, kila moja imejaribu kuingia mara mbili tu, kwa majina tofauti: huyo ni mshambuliaji mmoja mwenye orodha ya nywila zilizoibwa kwingine. Kikomo cha majaribio matano kwa anwani hakimnasi. Hesabu pia kwa akaunti, halafu kwa jumla ya walioshindwa kuingia kwenye tovuti nzima.

Saa 2:30. Masasisho yanasimama. Seva za maagizo ya kununua na kuuza hisa haziguswi tena hadi soko lifungwe, isipokuwa sasisho linaziba tundu la usalama ambalo wadukuzi wameshaanza kulitumia.

Saa 3:00. Soko linafunguliwa. Wateja wa kweli wanamiminika, na maombi ya uongo hujificha humo humo. Agosti 2020 soko la hisa la New Zealand, NZX, lilisimamisha biashara siku nne mfululizo kwa sababu ya mafuriko ya namna hiyo. Mitambo ya biashara haikudukuliwa. Iliyozidiwa ni tovuti ya matangazo ya kampuni, na bila matangazo biashara haiwezi kuendelea. Basi usiilinde mitambo ya ndani peke yake ukaiacha tovuti ya mbele wazi.

Saa 4:20. King'ora. Kabla ya kugusa chochote, jua ni shambulio la aina gani. Endesha amri hii, inayohesabu miunganisho iliyoanzishwa lakini haijakamilika:

ss -Hn state syn-recv | wc -l

Zikitoka maelfu, ni mafuriko ya SYN (maombi ya kuunganishwa yanayoachwa njiani), hakikisha mpangilio wa Linux net.ipv4.tcp_syncookies ni 1. Kama njia ya intaneti imejaa paketi za UDP (data inayotumwa bila kuunganishwa kwanza) kutoka poti 53, 123 au 11211, yaani za huduma za DNS, NTP na memcached, hakuna amri ya kwenye seva itakayokuokoa, kwa sababu njia imeziba kabla paketi hazijakufikia. Mpigie mtoa huduma wa intaneti azichuje kwake.

Shambulio linalosumbua kuliko yote ni lile dogo. Njia ya intaneti haijajaa, lakini database imelemewa, kwa sababu mtu anaomba taarifa ya akaunti ya miaka mitano tena na tena. Kwenye nginx, programu inayopokea maombi ya tovuti, bana kila anwani kwa maombi 10 kwa dakika:

limit_req_zone $binary_remote_addr zone=taarifa:10m rate=10r/m;

Megabaiti 10 (hiyo 10m) hubeba takriban anwani 80,000. Weka limit_req_status 429 (jibu la “maombi yamezidi”), maana nginx isipoambiwa hurudisha 503 (“huduma haipatikani”) na utadhani seva imekufa. Usibane mno: wateja wengi wa simu hutoka kwa anwani moja ya mtandao wao, ukiifunga umewafungia wote.

Saa 7:00. Kukagua kama anwani halisi ya seva imevuja. Kuinunulia tovuti ngao ya mbele (huduma inayopokea na kuchuja maombi kabla hayajafika kwenye seva) na kubaki na IP ile ile ya zamani ni kutupa pesa, kwani rekodi za kale za DNS (zinazooanisha jina la tovuti na IP yake) bado zinaitaja, na barua pepe zinazotoka kwenye seva hiyo huibeba kwenye vichwa vyake. Badilisha IP, kisha poti 443, mlango wa HTTPS, ipokee anwani za ngao tu.

Saa 9:30 alasiri. Soko limefungwa, sasa maagizo. Tovuti ikikwama, mteja hubofya “Nunua” tena, na hisa 100 zinakuwa 200. Kila agizo libebe namba yake ya kipekee tangu kwenye kivinjari, na seva ikatae namba iliyokwisha kuiona. Zilizopita mara mbili hulinganishwa na rekodi za soko, moja moja, kabla ya malipo kukamilishwa.