Masizi ya jiko la Mama

Mwezi wa saba nilikuwa nyumbani Kibosho, mara ya kwanza baada ya miaka minne Japani. Baridi ya Moshi msimu ule mnaijua: ukungu umelalia migomba, na mlima siku ya tatu haujafunguka. Nikatoa mezani vitu nilivyobeba kutoka Nara, yaani brashi, karatasi, jiwe la kusagia na kipande cha wino mkavu. Nikatia maji kidogo kwenye jiwe, nikaanza kusaga polepole, bila kukandamiza.

Mama aliacha ndizi alizokuwa anamenya, akachovya kidole, akasugua. "Mwanangu, haya si masizi haya?"

Ni masizi kweli, Mama. Wajapani huuita sumi: masizi ya mafuta ya mimea au ya msonobari uliochomwa, yakakandwa na gundi ya ngozi ya wanyama na manukato kidogo. Nara ndiko unakotengenezwa kwa wingi, tena wakati wa baridi, maana kwenye joto gundi huoza. Miaka yote hiyo sikuwahi kuufikiria ukuta wa jiko letu la kuni.

Nilianza kuchora mwaka aliofariki Baba. Sikuwahi ndege. Alizikwa kihambani, kwenye shamba letu la migomba la nyumbani, mimi nikitazama kwenye simu usiku wa manane, picha ikikatikakatika. Sikulia. Baadaye mwenzangu wa kazini akanipeleka kwenye darasa la jioni. Wino ni mmoja tu, weusi na wepesi wake unaupata kwa maji, na karatasi hunywa papo hapo, hakuna kufuta. Mianzi yangu ya kwanza yote ilitetemeka. Mwalimu aliitazama, akaniambia nisiitupe. Usiku ule nililia.

Januari moja nilikwenda Makumbusho ya Taifa ya Tokyo kuona misonobari iliyochorwa na Hasegawa Tohaku, mchoraji wa kale wa Japani. Mwanawe Kyuzo, mchoraji pia, alifariki mwaka 1593, na wengi wanaamini baba alichora misonobari ile baada ya msiba huo. Miti michache ndani ya ukungu. Sehemu kubwa ya karatasi imeachwa tupu. Nilisimama pale hadi miguu ikauma. Ulikuwa ukungu wa kwetu ule, ndugu zangu, wa saa kumi na mbili asubuhi unapokwenda kukata majani ya ng'ombe.

Basi pale mezani nikachora migomba, na juu yake nikaacha karatasi.

"Na mlima uko wapi?"

"Huo hapo mweupe, Mama. Theluji haichorwi, inaachwa."

Alikaa kimya akitazama. Kisha akaweka kidole chini, kwenye weupe ulio kati ya migomba miwili. "Na hapa ndipo alipo baba yako."

Kidole kilikuwa bado na wino. Alama yake ipo hapo hadi leo, ukutani kwangu Nara.