Kusawazisha santuri kwa valvu ya ECC83
Kichwa cha sindano chenye sumaku hutoa takriban milivolti 5 tu, kwa hiyo kikuza sauti cha santuri hulazimika kuikuza ishara hiyo dhaifu na papo hapo kuirekebisha kwa kipimo cha RIAA (kanuni ya kawaida ya kusawazisha sauti za santuri), ambacho huinua besi ya hezi 20 kwa desibeli zipatazo 20 na kushusha sauti ya hezi 20,000 kwa kiasi kama hicho. Wengi hukimbilia ECC83, valvu (taa ya kioo inayokuza ishara), kwa sababu kipeo chake cha ukuzaji ni 100. Lakini kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) ya pikofaradi 1.6 hivi iliyopo kati ya anodi na gridi, yaani sehemu za ndani za kutoa na kupokea ishara, huzidishwa na ukuzaji wenyewe hadi kupita pikofaradi 100, na ukijumlisha waya wa mkono wa sindano, sauti za juu hubadilika. Jambo hili wauzaji hawalitaji.

Urekebishaji wa RIAA kwa mrejesho (kurudisha sehemu ya ishara ya kutokea kwenye mlango wa kuingilia) hupunguza upotoshaji, ila akiba ya ukuzaji huwa haba kwenye besi, panapohitajika zaidi. Mimi hupendelea kufanya urekebishaji huo kwa rezista na kapasita zilizowekwa kati ya hatua mbili za ukuzaji, ingawa hatua ya kwanza hubeba mipasuko ya vumbi bila kupunguzwa, na ishara hupoteza desibeli 20 hivi katikati ya masafa, hivyo mchakarisho wa valvu ya pili husikika mapema.