Jumamosi tuliyoishiwa tyubu, Songea

Kabla sijaenda chuo nilikuwa nasaidia dukani kwa mjomba wangu Songea, duka la spea za pikipiki, na mzigo wote tulikuwa tunatoa Kariakoo. Sa mtu wa Dar hii anaweza asiielewe, yeye akiishiwa kitu anavuka barabara anachukua kwa jumla anarudi dukani kwake, ila sisi kutoka Kariakoo ni zaidi ya kilomita 900, unapita Morogoro, Mikumi, unapanda Kitonga, Iringa, Makambako, Njombe ndo unaingia Songea, na hapo bado hujahesabu siku ambazo lori limekaa tu linasubiri lijae. Yani ukituma hela leo unaagiza kwa ajili ya watu wa wiki ijayo ambao hata huwajui.

Mwezi wa nane ndo mwezi wenyewe. Mahindi yanatoka vijijini, NFRA, wale wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, wananunua, bodaboda anapakia magunia mawili kwenye Boxer anapita nayo kwenye njia za mawe, sa hapo tairi ya nyuma ndo inayobeba kila kitu na tyubu za 3.00-17 zinapasuka kila siku. Wiki hiyo zikatuishia ijumaa mchana. Mzigo ulikuwa njiani, dereva akapiga simu kwamba kuna semi imeharibika katikati ya mlima Kitonga, njia imefungwa, hapandi mtu hashuki mtu.

Jumamosi asubuhi akaja kijana anasukuma pikipiki, gunia bado liko juu, tairi imelala kabisa mpaka rimu inagusa chini, jasho linamtoka. "Oya blaza nipe tyubu ya nyuma." Nikamwambia zimeisha, mzigo labda kesho. Hakunijibu hata, alipaza sauti palepale kwenye baraza letu akamuuliza mzee wa duka la pili, "Mzee tyubu ipo?" ikawepo. Akaenda, na fundi alipokuwa anamfungia nikamwona anachukua na plagi na oili lita moja hukohuko. Plagi tulikuwa nazo, oili tulikuwa nayo, rafu nzima. Kilichoniuma ni hicho, maana tyubu moja imeondoka na vitu ambavyo hata havikuisha.

Muda huohuo ndani kulikuwa na baba mmoja wa Peramiho anataka seti ya bloku na pistoni, nayo hatukuwa nayo, ila yeye akaacha advansi akasema mzigo ukifika mnipigie. Injini yake ishafunguliwa iko kwa fundi kwenye beseni, aende wapi? Kaunta moja, wateja wawili, wote wamekosa, mmoja anakusubiri na mwingine ukigeuza shingo hayupo.

Basi nikachukua daftari la zamani nikaanza kuchora vistari, kila anayeuliza tyubu akaondoka, kistari kimoja. Maana daftari la mauzo linaandika aliyenunua tu, ukija kulisoma mwezi ujao litakwambia jumamosi ile hakuna aliyetaka tyubu Songea nzima, sifuri, na wewe ukiagiza kwa kufuata hiyo sifuri unaagiza chache, zinaisha mapema zaidi, mauzo yanaonekana yameshuka tena, unapunguza tena. Nimeona maduka yamekufa hivyo na wenyewe wanasema biashara ngumu. Jioni vistari vilikuwa vingi kuliko tyubu tulizozoea kuuza jumamosi ya kawaida.

Usiku mjomba akaviangalia, akasema, "Mjomba, basi tuagize mara mbili, tufidie na hawa waliokosa." (Sisi tunaitana hivyo wote wawili.)

Nikamwambia mjomba hawa hawarudi, washafunga tyubu wako barabarani, wa pistoni ndo anatudai ila wa tyubu hatudai kitu.

Akanitazama. "Sa kama hawarudi, vistari vyako vya nini?"

Lilikuwa swali zuri na nilikaa nalo kidogo. Nikamwambia vistari havilipwi, vinatuonyesha jumamosi moja ya mahindi inaleta watu wangapi kweli, tuagize kwa ajili ya jumamosi zinazokuja, sio kwa ajili ya hii iliyopita. Halafu nikamwomba tuache kusubiri tyubu zipungue kwenye boksi ndo tuagize, msimu huu kila jumatatu tutume hela ya idadi ileile, ije parseli na basi, hata kama rafuni zinaonekana zipo. Kwa umbali wetu unachokiona rafuni leo hakikwambii sana siku mzigo unashuka kutakuwaje.

Nilipokuja kusoma ugavi ndo nikakuta watu wameumiza vichwa na hili miaka na miaka, watafiti wawili, Karlin na Scarf, wameliandika tangu 1958. Wateja wakiwa wanasubiri hesabu ni nyepesi, unajumlisha kilichopo rafuni na kilichopo njiani, unatoa unachodaiwa, unajaza mpaka kiwango chako basi. Wakiwa wanaondoka hiyo jumla peke yake haitoshi tena, inabidi ujue na kila mzigo umefika wapi, na mzigo ukichukua muda mrefu hesabu inakuwa kubwa mno. Halafu 2016 mtafiti David Goldberg na wenzake wakathibitisha kwamba safari ya mzigo ikizidi kuwa ndefu, kuagiza idadi ileile kila mara kunakaribia kabisa njia iliyo bora. Nilisoma hiyo nikaiona Kitonga yote mbele yangu.

Mzigo uliingia jumapili usiku. Mjomba akakubali utaratibu wa kila jumatatu kwa tyubu na plagi, ila breki shuu akakataa, akasema mtu wa breki ataendesha hivyohivyo mpaka zije, huyo anasubiri. Kwa hesabu ya duka alikuwa sahihi. Nikamwambia mjomba, kusubiri kwake ni kushuka mteremko na magunia mawili bila breki, tukabishana mpaka mama mkubwa akatuita kula. Jumatatu tukatuma hela: tyubu, plagi, bloku ya yule baba wa Peramiho, na breki shuu dazeni moja.