Nilivyochagua kitabu cha Kichina kabla ya kwenda Guangzhou

Jamani kuna watu wanatoa ushauri mbovu kwa kujiamini kabisa. Nilipokuwa najiandaa kwenda Guangzhou, China, kufuata mzigo wa mikoba, kila niliyemuuliza Kariakoo kuhusu kitabu cha sentensi za Kichina za msafiri jibu lake ni moja, kitabu cha nini dada, si una programu ya kutafsiri kwenye simu. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba huduma za Google kule zimezuiwa, hazifunguki bila VPN, yaani programu ya kupitia mtandao wa nje, na wengi wetu ndizo tunazotegemea. Simu beba, ila usiende nayo peke yake.

Mwingine akanikazania ninunue kile kinachoandika matamshi kwa mtindo wa Kiingereza, eti ndiyo rahisi. Hiyo ilinikera zaidi. Mswahili ukisoma “dwor shaow chyen”, yaani bei gani, unatoka na kitu ambacho Mchina hajawahi kukisikia. Pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa rasmi kwa herufi hizi zetu, kwetu ni nyepesi kuliko hiyo, a, i na u zinasomeka karibu kama za kwetu, ujue tu q inaelekea ch, x inaelekea sh, c ni kama ts. Na alama za toni, yaani sauti inavyopanda na kushuka, juu ya irabu ziwepo, maana mǎi ni kununua na mài ni kuuza, sasa mfanyabiashara utaendaje bila hiyo?

Nikabaki na vitabu viwili. Muuzaji nikamwachia hela ya vyote, tukakubaliana kimoja narudisha, nikaenda navyo moja kwa moja kwenye duka la Mchina hapo hapo Kariakoo. Kiswahili cha biashara anakijua vizuri tu, lakini mimi sikusema neno, nikafungua kitabu cha kwanza nikaweka kidole kwenye “bei gani”. Kilikuwa na pinyin peke yake, hakina herufi za Kichina. Kaka wa watu akakisogeza, akakivuta, akanong'ona, akampa mwenzake, wakabishana kwanza ndiyo wakaelewa. Nikafungua cha pili, chenye herufi za Kichina chini ya kila sentensi, tena kubwa. Kidole hakijatulia tayari kikokotoo kiko mbele yangu na bei imeandikwa! Yaani nilifurahi kama nimeshapata mzigo wenyewe. Na zile herufi hakikisha ni zilizorahisishwa, ndizo za China bara, Taiwan na Hong Kong wanatumia zile za zamani.

Akapenda mchezo, akaanza kupekua kurasa. Kile cha kwanza kilifundisha kumwita mhudumu wa mgahawa xiǎojie, yaani binti, akatikisa kichwa, akasema China bara inaweza kueleweka vibaya, kama unamwita kahaba, sema fúwùyuán, yaani mhudumu. Ukiona hiyo jua kitabu cha siku nyingi. Halafu bei, kitabu kinasema yuán, sokoni utasikia kuài, ni hela ile ile. Cha pili kilikuwa na picha za vidole pia, wao sita mpaka kumi wanaonyesha kwa mkono mmoja, na nane yao usipoijua utadhani anakuonyesha mbili.

Ila vyote viwili vimeandikwa kwa watalii, hoteli, treni, chai. Maneno ya mzigo hamna. Nikamwomba aniandikie kwa mkono wake ukurasa wa mwisho mweupe: sampuli, bei kwa katoni, oda ya chini kabisa, rangi nyingine ipo, nipunguzie. Kule Guangzhou ukurasa huo ndio ulichakaa. Wenyeji wanaongea Kikantoni wao kwa wao, lakini Mandarin, yaani Kichina rasmi, wanaijua na kusoma wanasoma, unaonyesha tu kidole.

Kama huli nguruwe, tafuta kwenye kitabu bù chī zhūròu, yaani sili nguruwe, kabla hujakilipia, na neno qīngzhēn, ndilo la migahawa ya halali. Kitabu cha pili kilinigharimu kama elfu thelathini hivi, kile kingine nilikirudisha na hela yangu nikapewa bila maneno.