Mkaja na uzi mwekundu: miezi sita ya kupunguza wanga

Jumamosi, Desemba 6. Kilo 78.6.

Nilianza Juni 7 na kilo 83.4, binti yangu akiwa na miezi minne. Nusu mwaka, kilo 4.8. Jirani yangu hapa Chikongola, Mtwara, alishusha hizo kwa mwezi na nusu, lakini yeye hanyonyeshi, na mimi nimeacha kujilinganisha naye.

Wiki ya kwanza ilinidanganya. Niliacha chapati, sukari ya chai na bada ya usiku, yaani ugali wa muhogo, mzani ukashuka kilo 1.9 kwa siku saba. Nilifurahi mno. Kumbe mengi yalikuwa maji: mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika maji kiasi cha gramu 3. Akiba ikipungua, maji nayo yanatoka. Wiki ya pili nilishuka gramu 200, nikalia.

Julai ndiyo ninayoijutia. Kwa haraka yangu nikakata wanga wote, hata konzi ya ugali wa mchana. Siku ya nne nikaamka na kizunguzungu, mtoto anavuta ziwa, analiachia, analia. Kliniki muuguzi alinikalisha chini. "Mama, unamnyonyesha huyu. Kula." Akanieleza kwamba kutengeneza maziwa kunakula kama kalori 500 kwa siku, na kwamba mama anayenyonyesha akijinyima wanga kabisa, damu yake inaweza kujaa asidi. Ni nadra, lakini ni hatari, na ukianza kutapika au kuhema haraka haraka unakwenda hospitali siku hiyo hiyo. Ugali wa mchana ukarudi, konzi moja. Pembeni samaki, kibua au changu nikipata, kisamvu cha nazi au matembele, bamia. Usiku mayai au supu ya pweza. Ming'oko, vile viazi vya porini, nakula nikiletewa, miwili, basi. Maziwa yalirudi baada ya siku chache, na tangu hapo sijayachezea tena.

Sasa mkaja. Baada ya kujifungua mama mkwe alinifunga tumbo kwa kipande cha kaniki, na arobaini ilipoisha nilikikunja nikakiweka sandukuni. Juni nilikitoa nikakifanya kipimo. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kabla ya chai, nakizungusha kitovuni bila kuvuta pumzi, na pale ncha inapokutana na kitambaa nashona uzi mwekundu, mshono mmoja.

Kipande hicho ndicho kilichoniokoa Septemba. Tangu Agosti 30 hadi Septemba 27 mzani ulisimama kwenye 80.2, Jumamosi tano. Nilitaka kuacha. Nikafunga mkaja: uzi mpya ulikaa upana wa kidole kizima ndani ya ule wa Agosti. Kiuno kilikuwa kinapungua, mzani hauoni. Nikaendelea na chakula kile kile, sikuongeza wala kupunguza kitu, na Oktoba 11 nikawa 79.6.

Halafu ukaja msimu wa korosho. Hadi Novemba 15 mzani ukasimama tena hapo hapo kwenye 79.6, lakini safari hii uzi wa Oktoba uliangukia juu ya ule wa Septemba kabisa. Hapo nikajua hili si jambo la kusubiri tu, kuna kitu nakula.

Nyumbani tunabangua korosho za mama mkwe. Mikono tunaipaka majivu, maana mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, kigongo kinapiga, punje nzima inakwenda kwenye ungo wa kuuza. Zinazovunjika zinabaki mapajani kwangu, na mkono unakwenda mdomoni wenyewe. Siku moja kila kipande ambacho ningekila nilikitia kwenye kikombe cha chai. Jioni kikombe kilijaa. Dukani wakanipimia: gramu 140. Korosho gramu 100 zina wanga kama gramu 30 na kalori zaidi ya 550! Ugali najipimia kwa konzi, huku nikimeza kalori zaidi ya 700 kwa vipande.

Nikamwambia mama mkwe. Hakucheka. Alisema, "Basi mwanangu, vipande nitavikusanya mimi," akasogeza kikombe upande wake wa mkeka. Siku hizi vipande kumi ni vyangu, navihesabu, vingine vinatwangwa na kutiwa kwenye kisamvu cha familia yote.

Kwenye kadi ya kliniki binti yangu amefikisha kilo 8.4. Uzi wa Novemba uko vidole vinne ndani ya ule wa Juni. Kabla ya mimba nilikuwa na kilo 68, na kwa mwendo huu nitafika atakapokuwa anakimbia kule ufukweni Shangani. Uzi ninao bado, karibu kibiringo kizima.