Injini Moja au Mbili

Mwaka 2014 nilikuwa na leseni mpya ya urubani wa biashara, saa 200 na ushee za kuruka, na deni la ukoo. Nilisomea Afrika Kusini kwa fedha za mjomba, aliyeuza kiwanja chake cha Kibaha. Nikarudi Dar, nikasota kama wanavyosota marubani wapya, mpaka kampuni moja yenye ndege ndogo kadhaa aina ya Caravan na kubwa mbili aina ya ATR ikaniita pamoja na kijana niliyesoma naye. Mkuu wa marubani alituambia nafasi ni mbili, moja kwa kila aina ya ndege. Tukubaliane wenyewe, tukishindwa ataamua yeye. Akaturuhusu tupande zote mbili kwanza, tukaone.

Kwa mtu wa nje hapo hakuna swali. ATR 72 ina injini mbili, inabeba abiria karibu 70, na ikijaa inaruka na tani 22 na zaidi. Caravan ina injini moja, abiria 12 hivi, na haifiki tani 4. Nilipomweleza mjomba alinitazama kitambo.

"Yaani nimeuza kiwanja ili ukaendeshe daladala?"

Mwenzangu alikuwa na hesabu kali kuliko za mjomba, akaniandikia nyuma ya bahasha. Leseni ya juu ya urubani inataka saa 1,500. Ukiwa msaidizi kwenye ATR kila saa inaingia nzima, maana ndege ile hairuki bila marubani wawili. Caravan imeundwa iendeshwe na mtu mmoja. Wewe msaidizi unayekaa kulia, hata mamlaka ya usafiri wa anga ikitaka uwepo, kanuni za kimataifa hazikuhesabii zaidi ya nusu ya saa zako. "Utazeekea kulia," akaniambia. Nami nikamjibu kwamba kwenye Caravan kiti cha kushoto, cha kapteni, huja mapema, na saa za ukapteni ndizo adimu, wakati kwenye ATR unaweza kukaa upande wa kulia miaka na miaka. Halafu kuna mkataba. Kozi ya ATR ni ghali, kwa hiyo kampuni inakufunga, na ukiondoka kabla ya muda unalipa. Bahasha ikajaa, hatujaafikiana.

Nilianza na ATR, safari ya Mwanza, nikiwa kwenye kiti cha kukunja nyuma ya marubani. Kabla ya kuondoka kuna jambo lilinichekesha: injini ya kulia inanguruma, propela yake imetulia tuli. ATR haina ile injini ndogo ya mkiani ambayo jeti hutumia kupata umeme zikiwa chini. Basi marubani huifunga propela ya kulia kwa breki na kuiacha injini itoe umeme na hewa ya ubaridi, huku abiria wakipanda kwa mlango wa nyuma, upande wa kushoto. Hali hiyo wanaiita hoteli. Ni akili nzuri kweli.

Msaidizi ndiye aliyerusha, kapteni akashika redio. Tulipokaribia Shinyanga mawingu ya mvua yalikuwa yamesimama mbele kama kawaida ya kule alasiri. Wakasemezana maneno mawili matatu, wakaomba kupinda, tukapita pembeni bila abiria hata mmoja kumwaga soda. Nilitamani utulivu ule. Lakini tulipotua Mwanza nikajikuta nahesabu: karibu saa mbili hewani, msaidizi katua mara moja. Kurudi, zamu ya kutua ilikuwa ya kapteni.

Caravan ilikuwa upande wa pili wa uwanja wa Dar, Terminal One, kwenye ndege ndogo.

"Shikamoo, kapteni."

"Marahaba. Umekunywa chai? Haya, shika mzani."

Nikapima mabegi. Kila abiria kilo 15, begi liwe laini, maana linasukumwa ndani ya podi iliyo chini ya tumbo la ndege. Bibi mmoja Mjerumani alikuja na sanduku gumu la magurudumu, na kapteni huyohuyo ndiye aliyembembeleza akalifungua na kuhamishia nguo kwenye mfuko. Yeye ndiye aliyechota mafuta kidogo kwenye kikombe kutazama kama yana maji, akatoa nguzo inayoegemeza mkia ndege ikiwa imesimama, akawaonyesha abiria maboya, kisha akapanda na kuwasha.

Kituo cha kwanza kilikuwa Mtemere, Selous. Alipita chini juu ya kiwanja bila kutua. Ngiri wawili walikuwa katikati ya njia wakichimba, wakakimbia mikia juu. Akazunguka, akatua, vumbi jekundu likatufunika. Abiria wanne wakashuka, watatu wakapanda, tukaondoka tena, tukafuata Rufiji mpaka mdomoni ambako maji ya udongo yanaingia kwenye bahari ya buluu, tukavuka hadi Mafia. Pale upepo ulikuwa wa ubavuni. Nilitazama mikono na miguu yake, sikutazama kitu kingine. Ndege ilishuka imekaa upande, na chini kabisa akainyoosha, gurudumu moja likagusa, kisha la pili. Alasiri ilipofika nilikuwa nimeshapoteza hesabu ya mara tulizotua.

Hapo ndipo bahasha iliponitoka moyoni. Logibuku, kitabu cha rubani cha kuandikia safari zake, inahesabu saa, na saa nyingi za ndege kubwa ni za kukaa juu ya mawingu ukiangalia vioo vya vipimo. Kazi yenyewe ya rubani iko karibu na ardhi, na hiyo Caravan inakupa kutwa nzima. Sijali wangapi watanibishia. Mpaka leo nikikutana na rubani mgeni nauliza katua mara ngapi na wapi, saa zake baadaye.

Nikamwambia mwenzangu achukue ATR. Alidhani nimejitoa mhanga kwa ajili yake, akaninunulia chipsi kuku. Sikumsahihisha, nilikuwa na njaa.

Mjomba alinuna wiki mbili. Mama aliuliza jambo moja tu.

"Hiyo ndege ina injini ngapi?"

"Moja, mama."

"Na ikizimika?"

Nikamweleza jinsi injini za aina ile zinavyoaminika dunia nzima, na kwamba hata ikizimika ndege haidondoki kama jiwe, inateleza hewani huku rubani akitafuta pa kutua. Alisikiliza yote hadi mwisho.

"Sawa, mwanangu. Basi waambie wasikupeleke baharini."

Ratiba ya wiki yangu ya kwanza ilikuwa mfukoni: Dar–Zanzibar, Zanzibar–Pemba, Pemba–Zanzibar, Zanzibar–Dar. Nikamwambia nimesikia.