Namba ya Asubuhi: Nilivyojifunza Kusoma Maumivu ya Kisigino

Kwa miezi minne niliamka nikichechemea. Hatua ya kwanza kutoka kitandani ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, kano ya nyuma ya kisigino imekakamaa kabisa. Nikitoka kukimbia, dakika kumi za mwanzo zinauma, kisha maumivu yanatoweka. Nikaamini mbio zenyewe ndizo dawa. Kumbe kano ikipata moto maumivu hufifia tu. Mzigo iliobebeshwa hauonekani mpaka kesho yake.

Nilikuwa nimezoea maumivu ya misuli, yale yanayofuata zoezi gumu, hasa kukimbia kwenye mteremko. Hayo huzidi kati ya saa 24 na 72, huenea mapaja yote mawili, kisha huondoka yenyewe. (Wengi bado wanaisingizia asidi ya laktiki inayozalishwa na misuli, ilhali huwa imeshaondoka ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi.) Kano nayo nikaichukulia vivyo hivyo: itapita.

Haikupita. Nilipumzika wiki tatu, maumivu yakaisha. Niliporudi mbioni, siku ya pili yakarudi nayo. Mtaalamu wa fiziotherapia akanieleza kwamba kupumzika peke yake hakuipi kano nguvu. Akanipa zoezi la ukingo wa ngazi: napanda kwa vidole vya miguu yote miwili, nashuka polepole kwa mguu unaouma, mara 15, mizunguko mitatu goti likiwa limenyooka, mitatu likiwa limekunjwa. Asubuhi na jioni, kwa wiki 12.

Iliuma, naye alisema niache iume, ila kwa kipimo cha 0 hadi 10 nisivuke 5, na asubuhi inayofuata hali isiwe mbaya kuliko ya jana. Nikanunua daftari. Kila siku, baada ya hatua kumi za kwanza, naandika namba ya maumivu kwa kipimo hicho. Dawa za kutuliza maumivu niliacha kumeza kabla ya mazoezi, maana zingeniharibia namba hiyo. Wiki ya tano niliandika 6: jana yake nilikimbia mlimani. Nikaacha mbio mbili, ngazi sikuiacha.

Kanuni hii siitumii kwenye mfupa. Ugoko ukiuma mahali pamoja panapofunikwa na ncha ya kidole, nasimama siku hiyohiyo na kwenda kupimwa.

Wiki ya 12 niliandika 1. Ngazi bado naipanda, sasa nikiwa na begi zito mgongoni.